Amonia 0.5 na pH isiyotoka 7.6: vipimo vya maji ya tangi nivisomeje?

NgalawaTudor

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa kusoma vipimo vya maji ya tangi langu la samaki. Namba ninazo, maana yake ndiyo inayonipiga chenga.

Tangi ni la kioo, sentimita 80 kwa 40 kwa 40, na maji yanafika kina cha sentimita 35. Filta ni sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Samaki ni gapi 14, moli 6 na enjeli wawili. Hita hakuna, kipimajoto hucheza kati ya 28 na 30. Samaki wamo ndani karibu miezi miwili sasa. Sponji huoshwa kila Jumapili chini ya mfereji.

Mfereji ukitoka, natumia maji ya mfereji. Ukikauka, ni mitungi ya lita 20 ya mkokoteni, na kwa ladha yake hayo ni maji ya kisima. Kila wiki natoa karibu nusu ya maji na kuweka mapya.

Seti ya matone ya kampuni ya API inasema: amonia 0.5, nitriti 0.25, nitrati 5 au 10 (zote miligramu kwa lita), pH 7.6. Vijikaratasi vya kuchovya vinasema nitriti hakuna kabisa na nitrati 40. pH haijawahi kusogea kutoka 7.6, nitumie maji ya mfereji au ya kisima. Tena kila nikibadilisha maji, samaki hupanda juu na kuhema kwa saa kadhaa.

Nimwamini nani, matone au karatasi? Amonia ya 0.5 ni ya hatari au ya kawaida? Na mbona pH haisogei?

---

FiltaKisauni

Wa alaykum salaam, ndugu. Tuanze na pH, kipimo cha uasidi wa maji (namba ikipanda, asidi imepungua), kwa sababu ndiyo inayoamua amonia yako ina sumu kiasi gani.

Chupa ya kawaida ya pH katika seti hiyo inasoma 6.0 hadi 7.6 basi. Maji yakiwa 7.6, 8.0 au 8.6, rangi ni buluu ile ile ya mwisho wa kadi. Kwa hiyo 7.6 yako maana yake ni "7.6 au zaidi". Ndani ya sanduku hilo kuna chupa nyingine ya pH ya juu, inayosoma 7.4 hadi 8.8. Weka matone 5 ndani ya mililita 5 za maji (ile ya kawaida ni matone 3), usome kwenye kadi yake yenyewe, si kadi ya kwanza. Kwa maji ya pwani, chupa hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Ile ya chini utaihitaji ukitumia maji ya mvua.

Sasa amonia. Kipimo kinajumlisha vitu viwili: amonia huru, ambayo inapenya matamvua na kumuua samaki, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Kadi haikuambii kila kimoja ni kiasi gani. Unajua kwa pH na joto. Maji yakiwa nyuzi 28, sehemu iliyo huru ni hii:

pH 7.0: asilimia 0.7
pH 7.6: asilimia 2.7
pH 8.0: asilimia 6.5
pH 8.2: asilimia 10
pH 8.4: asilimia 15

Chukua hiyo 0.5 yako. Kwenye pH 7.0, amonia huru ni miligramu 0.0035 kwa lita, na samaki hata hajui. Kwenye pH 8.2 ni 0.05, na hapo matamvua yanaanza kuungua. Kwa tangi la kudumu usipende ivuke 0.02. Rangi kwenye kadi ni ile ile, hatari imezidi mara kumi na nne.

Joto nalo linaongeza. Kwa pH 8.0, nyuzi 24 zinakupa asilimia 5 iliyo huru. Nyuzi 30 zinakupa zaidi ya asilimia 7. Miongozo mingi imeandikwa kwa matangi ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo ukisoma kwamba amonia fulani "inavumilika", jua hawakuwa na Mombasa ya Februari akilini.

Kwa hiyo leo: usiwape chakula, wala kesho. Hawatakufa njaa, na chakula ndicho kinachogeuka kuwa amonia. Ongeza hewa. Usibadilishe maji kabla hujapima yaliyo ndani ya mtungi. Kisha lete pH ya juu, KH (akiba ya kabonati majini) na GH (ugumu wa maji kwa jumla) vya tangi, vya mfereji na vya mkokoteni, kila kimoja mbali. KH na GH havimo kwenye sanduku lako, vinauzwa peke yake.

---

MirijaMtwapa

Kabla hujapima tena, kaka, angalia namna unavyopima. Ile tofauti ya nitrati 5 dhidi ya 40 naifahamu, na kosa liko kwenye chupa ya pili ya nitrati.

Dawa iliyomo ndani ya chupa hiyo ina chembe zinazoshuka chini na kuganda. Usipoitikisa kwa nguvu, unadondosha maji matupu na nitrati inasoma chini sana. Ikiwa imekaa wiki kadhaa, igonge kwenye meza kwanza ili chembe zibanduke. Kisha: mililita 5 za maji, matone 10 ya chupa ya kwanza, pindua mrija mara chache. Tikisa chupa ya pili sekunde 30 kwa saa, usikisie. Weka matone 10, funga, tikisa mrija wenyewe dakika nzima. Ngoja dakika 5 ndipo usome. Ukiruka mtikiso mmoja tu, kipimo hakifai.

Amonia: matone 8 ya chupa ya kwanza, matone 8 ya ya pili, dakika 5. Nitriti: matone 5, dakika 5. Chupa ishikwe wima kabisa, kwa sababu ukiilaza matone yanatoka makubwa kwa madogo. Mstari wa mililita 5 usomwe chini ya mbonyeo wa maji, mrija ukiwa usawa wa jicho. Kifuniko ndicho cha kuziba mrija. Kidole kina jasho na chumvi, na kwa amonia hilo linaonekana.

Rangi isomwe mchana, mrija ukigusa sehemu nyeupe ya kadi, mgongo ukiuelekezea dirishani. Taa ya manjano ya sebuleni inaifanya amonia sifuri ionekane 0.25. Ukiwa na shaka, nunua chupa ndogo ya maji ya betri petroli stesheni (maji yaliyosafishwa, sio asidi ya betri!) na uyapime amonia sambamba na ya tangi. Yale ndiyo sifuri yako. Mirija miwili ikifanana, tangi halina amonia. Hii naipenda kuliko kukodolea kadi macho.

Vijikaratasi: hewa ya hapa ina unyevu mwingi, na dawa yake inaanza kufanya kazi kabla hujaichovya. Chupa iliyofunguliwa jikoni karibu na sufuria siiamini hata kidogo. Nitriti yake imesema sifuri wakati matone yanaonyesha 0.25, na hapo fuata matone. Hiyo nitrati 40 yake huenda ikawa kweli, lakini uthibitishe kwa matone yaliyotikiswa.

Seti yenyewe ikae kabatini mahali pa baridi, isipigwe na jua. Maji uliyopimia yamwagwe kwenye sinki, kamwe yasirudi tangini, na watoto wasiguse chupa: ya kwanza ya nitrati na ya pili ya amonia zote zinaunguza.

---

NgalawaTudor

Shukran sana nyote. Nimepima upya mchana, na kalamu ya TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) nimeazima. Matokeo ni haya:

Tangi: pH 8.2, KH 13, TDS 780, amonia 0.5 (nimelinganisha na maji ya betri, iko kweli), nitriti 0.25, nitrati 40 baada ya kutikisa.

Mfereji: pH 7.8, KH 9, GH 11, TDS 410, amonia 0, nitrati 5. Una harufu ya dawa.

Mkokoteni: pH 7.4 mtungi ulipofika, asubuhi yake baada ya jiwe la hewa ikawa 8.2. KH 17, GH 24, TDS 1,150, amonia 0, nitrati 40.

Hiyo pH iliyopanda usiku kucha bila kutiwa kitu imenishangaza.

---

FiltaKisauni

Vipimo vizuri sana hivi, vinajieleza.

pH iliyopanda ndiyo jibu la kwanza la samaki kuhema. Maji ya kisima yanatoka chini yakiwa na hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi na oksijeni kidogo. Kaboni dayoksaidi ikiwa ndani, pH inashuka, ikitoka, inapanda. Kumwaga mitungi hiyo moja kwa moja tangini ni kuwanyima samaki pumzi, na maji ya nyuzi 30 hayabebi oksijeni nyingi hata yakitulia: karibu miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hubeba 9. Mtungi wa kisima ulale na jiwe la hewa usiku mzima, ndoo wazi. pH ya kuandika daftarini ni ile ya asubuhi.

Jibu la pili ni TDS. Tangi ni 780. Ukibadilisha nusu kwa maji ya mkokoteni, unapanda hadi 965 kwa dakika kumi. Wiki ijayo mfereji umetoka, unashuka hadi 690 au chini. Mwili wa samaki unasawazisha chumvi yake na ya maji saa zote, na kumyumbisha hivyo kila wiki ni kumchosha. Ubora wa maji kwetu ni hili hasa: maji hayafanani wiki hadi wiki. Ya mfereji yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Ya mkokoteni yamechotwa chini ya mtaa wenyewe, kwenye mwamba wa matumbawe, na karibu na bahari chumvi inapenya. Matumbawe ni chokaa, ndiyo maana KH 17 na GH 24. Tena mkokoteni wa leo na wa kesho si lazima wachote kisima kimoja. Kalamu ya TDS ni sekunde tano. Ichovye katika kila mtungi kabla hujaumwaga.

Lakini usiipe kalamu kazi isiyo yake. Inapima umeme unavyopita majini na kukadiria vitu vilivyoyeyuka. Haijui chumvi kutoka kwa chokaa, na amonia ya kuua haiisogezi hata namba moja. Na kalamu za watengenezaji tofauti hukokotoa tofauti, kwa hiyo linganisha kalamu na yenyewe.

Cha kufanya. Changanya mitungi mitatu ya mfereji na mmoja wa kisima: TDS itakuwa karibu 595, KH 11, nitrati 14. Weka pipa la lita 100 au zaidi lenye mfuniko, ulijaze mfereji unapotoka, na mchanganyiko huo uwe ndio wako wa siku zote. Tangi lako ni 80 × 40 × 35 ÷ 1000, yaani lita 112. Toa changarawe na sponji, hesabu lita 100. Badilisha lita 25 leo na lita 25 kesho. Amonia itashuka kutoka 0.5 hadi 0.38, kisha 0.28, na TDS itateremka taratibu, 780, 734, kama 700. Usichukue nusu kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu nitriti 0.25: inaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, na samaki anahema hata maji yakiwa na hewa tele. Kinga yake ni kloraidi, kwa sababu huingia kupitia mlango ule ule wa matamvua na kuizibia nitriti njia. Maji yako ya kisima yana ladha ya chumvi, kwa hiyo kloraidi unayo na huhitaji kuongeza. Anayetumia mfereji mtupu au mvua, gramu 16 za chumvi ya kawaida kwa lita 100, iyeyushwe kwanza kwenye jagi, zinatoa miligramu 100 za kloraidi kwa lita. Kwa nitriti ndogo kama hii inatosha na kubaki. Madini ya joto yaliyo kwenye chumvi ya jikoni hayana shida kwa kiasi hicho.

Miezi miwili kwa joto letu, amonia na nitriti zilipaswa kuwa sifuri zote. Hiyo Jumapili ya sponji ndiyo inayokurudisha nyuma. Bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wanaishi ndani ya sponji, na klorini ya mfereji inawaua. Ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, mara tatu nne, irudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Osha moja, nyingine ingoje wiki mbili.

---

BiKasa_Likoni

Harufu ya dawa kwenye mfereji msiipite haraka, ndugu zangu. Klorini haimo kwenye seti ya samaki, na ndiyo inayoua kwa saa chache. Hata miligramu 0.1 kwa lita ni nyingi kwa gapi. Tena maji ya boza (lori la kubeba maji) huwekwa dawa kwa kukisia, siku nyingine nyingi kupita mfereji.

Kipimo chake kipo kwa wanaouza dawa za mabwawa ya kuogelea. Kuna aina inayogeuka manjano na aina inayogeuka waridi. Chukua ya waridi: inaonyesha kiasi kidogo vizuri zaidi. Pima kabla ya kutia dawa ya kutoa klorini, pima tena baada ya dakika tano. Waridi ikiwa bado ipo, dawa haijatosha.

Dawa ya bei nafuu ni sodiamu thaiosalfeti, chenga nyeupe zinazouzwa na wauzaji wa kemikali. Yeyusha gramu 100 kwenye maji safi hadi yatimie lita moja, weka chupa ya giza, iandike jina kwa kalamu isiyofutika. Mililita moja ina miligramu 100. Miligramu moja ya klorini inahitaji kama miligramu 7 za thaiosalfeti. Mtungi wa lita 20 wenye klorini ya 1 kwa lita una miligramu 20, kwa hiyo 140 za dawa, mililita 1.4. Tia 2. Boza likisoma klorini 2, tia 4. Kuzidisha kidogo hakumdhuru samaki. Pima kwa sindano ya plastiki kutoka duka la dawa, sio kwa kifuniko cha chupa.

Kuyaacha maji usiku mzima wazi na hewa ikipita kunatoa klorini huru pia, na kama mtu ana nafasi ya ndoo hana haja ya kununua chochote. Lakini kama klorini imeshikana na amonia ndani ya bomba, haitoki kwa hewa. Thaiosalfeti itaitoa klorini na kuiacha amonia humo humo, kwa hiyo baada ya kutia dawa pima amonia ya mtungi mara moja ujue msimamo wako.

Na mitungi yenyewe: iwe ya samaki peke yake. Iliyowahi kubeba sabuni au dawa ya kufulia usiikaribishe, hata ukiiosha mara kumi.

---

Kungu_Nyali

Mbona hamjamwambia ashushe pH? 8.2 ni juu kwa enjeli. Majani makavu ya mti wa mkungu yamejaa huku Nyali bure, au kijiko cha siki kila siku. pH ikishuka na amonia si inapungua ukali?

---

FiltaKisauni

Kungu, hoja ya amonia ni sahihi kabisa, ila njia haitafika. Kinachoishikilia pH pale juu ni KH. KH 13 ni akiba kubwa ya kabonati. Kila tone la asidi unalotia linamezwa nayo. Siki itaishusha pH saa moja, kaboni dayoksaidi itatoka, na kesho asubuhi ni 8.2 tena. Umewapa samaki mtikisiko wa pH kila siku na mabaki ya siki yanalisha bakteria wanaokula oksijeni. Sipendekezi hata kidogo.

Majani ya mkungu ni mazuri, yanatoa rangi ya chai na samaki wa maji laini wanayapenda, lakini kwa KH 13 hayataisogeza pH. Yachumwe yaliyodondoka yenyewe na kukauka, yasiwe ya kando ya barabara, jani moja kubwa kwa lita 40.

Enjeli waliozaliwa matangini wanavumilia 8.0 na 8.2 iliyotulia. Moli wanayapenda maji hayo. Kinachowaumiza sasa ni ile 0.05 ya amonia huru, na dawa yake ni kuimaliza amonia yenyewe. Na ukitaka kweli kushusha KH, njia ni kuyazimua kwa maji yasiyo na KH.

Uangalie pia kilicho chini ya maji. Mchanga mweupe wa ufukweni, makombe, vipande vya matumbawe, vyote ni chokaa. Dondoshea siki: likitoa povu, linaongeza KH na GH polepole. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambako pH ni karibu 9, hilo ni jambo la kutafutwa. Kwa enjeli, litoe.

---

NgalawaTudor

Kutoa povu limetoa, kuna makombe mawili makubwa, nayatoa leo. Sponji nimewaelewa. Mawili ya mwisho: nitrati ya tangi ni 40 na ya mkokoteni ni 40 vilevile, hii inatoka wapi? Na masika yakija, naweza kuzimua kwa maji ya mvua kutoka kwenye mabati?

---

MirijaMtwapa

Nitrati kwenye kisima cha mtaani mara nyingi inatokana na vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka yaliyo karibu. Matumbawe yana matundu na maji yanapita kwa urahisi. Kwa samaki wako 40 si balaa, lakini jua hesabu: ukibadilisha kwa maji ya 40, hata ubadilishe kila siku hutashuka chini ya 40. Na karibu nusu ya nitrati iliyo tangini imeingia kwa mtungi, haijatoka kwa samaki. Kwa mchanganyiko wa 3 kwa 1 wenye nitrati 14 ndipo mabadiliko ya maji yatafanya kazi. Pothosi (mmea wa kupamba nyumba) yenye mizizi ndani ya maji na majani nje pia inakula nitrati vizuri, ila ina utomvu unaowasha, majani yasizame. Na kisima kikisoma zaidi ya 50, hicho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, kwa hiyo watoto wachanga nyumbani wasinyweshwe.

Jihadhari na jambo moja: seti zingine husoma nitrojeni ya nitrati, si nitrati. Namba yake izidishe kwa 4.43 ndipo ulinganishe na ya API.

---

FiltaKisauni

Mvua, ndiyo. Acha dakika ishirini za kwanza zioshe paa, kinyesi cha ndege na vumbi viende, ndipo uweke pipa. Paa lililopakwa rangi au lami juzi, usilitumie. Maji ya mvua yana KH ya 0 au 1, kwa hiyo nusu mvua nusu kisima inakupa kama TDS 580, KH 8 au 9, nitrati 20. Hayo ni maji mazuri kuliko ya kisima peke yake, na mfereji ukikauka ndiyo mbadala wako.

Mvua tupu usitumie. Kazi ya bakteria inakula KH: kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia inameza zaidi ya miligramu 7 za kabonati. Tangi la KH 2 likisahaulika, akiba inaisha, pH inaporomoka chini ya 6.5, bakteria wanazorota, amonia inapanda. KH ikifika 3, irudishe kwa bekingi soda, siyo bekingi pauda: gramu 3 kwa lita 100 zinapandisha KH kwa digrii moja. Digrii moja kwa siku, iyeyushe kwanza.

Na mtu akilikuta tangi limeshaporomoka, tuseme pH 6.2 na amonia 3, asikimbilie kubadilisha nusu kwa maji ya kisima. Kwenye 6.2 amonia huru ni 0.003 tu, samaki wako hai kwa sababu hiyo. Ukimwaga nusu ya maji ya pH 8.2, amonia imepungua hadi 1.5 kwa jumla, lakini pH ikifika 8.0 ile huru inaruka hadi 0.1, na usiku huo huo unawapoteza. Hapo unatoa lita 10 kwa 100 kila baada ya saa chache, kwa maji ya KH ndogo, mvua iliyochanganywa na mfereji kidogo, ukipima amonia na pH kila mara. pH isivuke 7.0 kabla amonia haijashuka chini ya 0.5. Bekingi soda inangoja mpaka hapo.

Wewe kwa KH 13 uko mbali na hilo. Amonia na nitriti pima kila siku mpaka zote zisome sifuri wiki nzima, kisha mara moja kwa wiki, siku moja kabla ya kubadilisha maji. KH na nitrati mara mbili kwa mwezi. TDS kila mtungi. Stima ikipotea zaidi ya saa mbili, pima amonia kesho yake hata kama si zamu.